Kabla Hujasema "Kigiriki Kinasema"

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Makambako, msomaji wa makala zangu, aliyeniandikia kwa heshima na kwa furaha ambayo niliitambua mara moja, kwa sababu iliwahi kuwa yangu. Amepakua katika simu yake programu inayoonyesha Agano Jipya la Kigiriki pamoja na tafsiri ya Kiingereza chini ya kila neno, na kwa miezi mitatu amejaza daftari zima akiorodhesha mahali ambapo, kwa maneno yake mwenyewe, Biblia yetu ya Kiswahili imekosea. Anaomba nimshauri namna ya kuanza kuyafundisha hayo katika kikundi chake cha vijana. Nilimjibu kwa mistari miwili kwamba asianze bado, nikamwahidi maelezo marefu. Ninayaandika hapa kwa kuwa najua hayuko peke yake: wengi wenu mnaonisoma mna kiu ileile ya kulisoma Neno katika lugha ambayo mitume waliliandika, na kiu hiyo ni njema.

Mwaka 2014 nilialikwa kufundisha katika semina ya walimu wa shule ya Jumapili na wainjilisti karibu na Tukuyu. Nilikuwa kijana, nilikuwa nimetoka kununua Biblia nene ya Kiingereza, tafsiri ya King James, yenye maelezo pembeni mwa kila ukurasa, na nilikuwa pia na itifaki yenye namba za Strong, ambayo humwezesha mtu asiyejua hata herufi moja ya Kigiriki kutafuta neno kwa namba yake na kusoma maana zake. Kwa vitabu hivyo viwili nilijiona nimefika. Siku ya pili ya semina, mvua ikipiga bati kiasi cha kunilazimisha kupaza sauti, niliwafungulisha Ufunuo 22:19. Niliwasomea kwanza Union Version yetu, inayosema kwamba mtu akiondoa lolote katika maneno ya unabii wa kitabu hicho, Mungu atamwondolea sehemu yake katika ule mti wa uzima. Kisha nikawasomea Kiingereza changu, kinachosema kwamba ataondolewa sehemu yake katika kitabu cha uzima. Nikatangaza kwamba watafsiri wa Kiswahili walibadili neno katika mstari uleule unaokataza kubadili maneno. Nakumbuka vizuri nilivyomaliza: "Kigiriki kinasema kitabu." Watu waliandika katika madaftari yao, na mimi nikasikia raha.

Mzee mmoja, mwinjilisti mstaafu aliyekuwa ameketi karibu na mlango akiwa amevaa koti zito, Biblia yake imefungwa ndani ya kitambaa, alisimama akauliza, "Mwanangu, hicho Kigiriki umekiona wewe mwenyewe, au umeambiwa na Mwingereza?" Nilimjibu kwamba Biblia ya Kiingereza imetafsiriwa moja kwa moja kutoka katika Kigiriki. Akauliza tena, kwa upole uleule, "Na hii yetu imetafsiriwa kutoka wapi?" Kisha akaketi. Sikuwa na jibu. Nilijikaza nikaendelea na somo, lakini usiku ule sikulala, na hata leo nikipita barabara ile ya Tukuyu na kuona migomba iliyolowa mvua, swali lile hunirudia.

Ilinichukua zaidi ya mwaka kupata jibu lake, na jibu lilinihukumu mimi. Mwaka 1516, mjini Basel, msomi aliyeitwa Erasmus alitoa Agano Jipya la Kigiriki, la kwanza kuchapwa na kuuzwa. Alifanya kazi kwa haraka na kwa hati chache. Kwa kitabu cha Ufunuo alikuwa na hati moja tu ya Kigiriki, nayo ilikuwa imepoteza karatasi yake ya mwisho, yenye mistari sita ya kumalizia. Ili asiache pengo, alichukua Biblia ya Kilatini akaitafsiri mistari hiyo kurudi katika Kigiriki. Katika Kilatini, neno la "mti" na neno la "kitabu" katika mstari ule yanakaribiana sana, ligno na libro, na nakala aliyoifuata ilikuwa na la pili. Kwa hiyo "kitabu cha uzima" kiliingia katika Kigiriki kilichochapwa, na kutoka humo kikaingia katika Kiingereza cha King James cha mwaka 1611, na kutoka humo kikaingia katika kinywa changu kwenye semina ile. Hati za kale zenyewe zinasema xulon, yaani mti. Watafsiri wa Union Version, ambao Biblia yao kamili ilitoka mwaka 1952, waliandika mti kwa sababu ndilo neno lililomo katika hati. Tafsiri nyingi za Kiingereza za karne ya 20 nazo zinasema mti. Nilikuwa nimesimama mbele za watu wazima wa imani nikiishitaki Biblia yao kwa kosa lililofanyika Ulaya.

Nimesimulia kwa urefu kwa sababu ushauri wangu wote unatoka hapo, na ushauri wenyewe ni mfupi: usilinganishe Kiswahili na Kiingereza kisha ukakiita Kiingereza Kigiriki. Kiingereza ni tafsiri, kama Kiswahili kilivyo tafsiri. Programu ya kijana wangu wa Makambako haimwonyeshi maana ya neno la Kigiriki. Inamwonyesha neno ambalo Mwingereza mmoja aliona linafaa kuwekwa chini yake. Asipojua hilo, kila mahali ambapo Mwingereza na Mswahili wamechagua njia tofauti ataandika katika daftari lake kwamba Mswahili amepotea.

Miaka iliyofuata sitaisimulia. Nilijifunza herufi 24, nikakariri viambishi vya mwisho wa majina na vitenzi alfajiri kabla ya kwenda kazini Uyole, katika baridi ya Juni ambayo wakazi wa Mbeya wanaifahamu, na baada ya muda mrefu nikaweza kusoma Injili ya Yohana polepole kwa msaada wa kamusi. Jambo lililonishangaza katika safari hiyo ni kwamba mara nyingi lugha yangu ilinibeba pale ambapo Kiingereza kilinichelewesha. Mwingereza anayejifunza Kigiriki huhangaika kuelewa jinsi kitenzi kimoja kinavyoweza kubeba mtendaji, wakati na kauli ndani yake bila kuhitaji neno jingine pembeni. Sisi tunasema "nimekuombea," neno moja, na ndani yake mna mtu anayeomba, mtu anayeombewa, wakati uliotimia na kauli ya kutendea. Mwingereza hushangazwa pia na sifa zinazobadilika kulingana na jina zinalolifuata, nasi tumekua na ngeli tangu tukiwa migongoni mwa mama zetu.

Tazama Luka 22:31-32. Bwana anamwambia Petro kwamba Shetani "amewataka ninyi" apate kuwapepeta kama ngano, "lakini nimekuombea wewe." Katika Kigiriki neno la kwanza ni la wingi, humas, na la pili ni la umoja, sou. Shetani aliwataka wanafunzi wote. Bwana anamwombea mmoja ili naye awaimarishe ndugu zake. Kiingereza cha sasa kina neno moja tu kwa "wewe" na "ninyi," hivyo msomaji wake haoni tofauti hiyo ila akisoma tanbihi. King James iliionyesha, kwa sababu Kiingereza cha wakati ule kilikuwa bado na maneno mawili. Mtoto wa Kiswahili anaiona bila kufundishwa. Vivyo hivyo katika Yohana 3:7, ambapo Bwana anamwambia Nikodemo, "Usistaajabu kwa kuwa nilikuambia, Hamna budi kuzaliwa mara ya pili." Anasema na mtu mmoja, kisha ghafla anasema juu ya wengi. Nimekaa katika semina nikimsikiliza mhubiri msomi akitumia nusu saa na ubao mzima kueleza jambo ambalo mama mmoja mbele yake alikuwa amelisoma tayari katika "nilikuambia" na "hamna budi."

Chukua pia neno adelfoi, ambalo nyaraka za Paulo zimejaa. Waingereza wamebishana kwa miongo mingi kama waandike "ndugu wa kiume" tu au waongeze na "wa kike." Kiswahili kina neno ndugu, nalo humchukua mwanamume na mwanamke pamoja, jinsi ambavyo neno la Kigiriki katika wingi lilivyoweza kuwachukua wote wa kusanyiko. Sisi ugomvi huo haukutuhusu kamwe, na bado nimeona vijana wetu wakiuleta hapa kwa sababu tu wameusoma katika tanbihi za Kiingereza. Msalabani Bwana anasema tetelestai, kitenzi cha hali timilifu, jambo lililokwisha kutendeka na matokeo yake yapo. Union Version inasema "Imekwisha." Kiambishi chetu -me- kinafanya hasa kazi hiyo.

Sidai kwamba Kiswahili hakikosi kitu. Katika mazungumzo yale na Nikodemo, neno lililotafsiriwa "mara ya pili" ni anothen, ambalo lina maana mbili, "tena" na "kutoka juu." Nikodemo analichukua katika maana ya kwanza, ndipo anauliza kama mtu mzima anaweza kurudi tumboni mwa mamaye. Lakini neno hilohilo katika mstari wa 31 wa sura ileile limetafsiriwa "kutoka juu." Msomaji wa Kiswahili hawezi kujua kwamba ni neno moja, na King James imechagua vivyo hivyo na kumficha jambo lilelile. Hapo Kigiriki kinakupa kitu ambacho tafsiri haikuweza kukibeba. Mambo kama hayo yapo, nayo ndiyo yanayostahili jasho lako, ila ni machache kuliko daftari zima.

Kuna pia tabia moja ambayo nilikuwa nayo, na naiona sasa kila mahali kuanzia Mbeya mjini hadi Njombe: kulitwika neno la Kigiriki mzigo ambao mwandishi hakuubeba. Nimesikia mara nyingi kwamba dunamis, "uweza" wa Warumi 1:16, ni baruti, kwa kuwa neno dinamiti limetokana nalo. Dinamiti ilipewa jina hilo na Alfred Nobel katika mwaka 1867. Paulo hakuifikiria. Nimesikia pia, na nimefundisha mwenyewe, kwamba agapao ni upendo wa Kimungu na fileo ni upendo wa kibinadamu, na kwamba katika Yohana 21, Bwana anapomuuliza Petro kama anampenda, Petro alikuwa akikwepa kujibu swali. Siku nilipoisoma Injili hiyo kwa Kigiriki nilikuta kwamba Baba anampenda Mwana kwa agapao katika 3:35 na kwa fileo katika 5:20. Nikakuta katika 2 Timotheo 4:10 kwamba Dema aliupenda ulimwengu huu wa sasa kwa agapao. Nilifunga kitabu nikakumbuka idadi ya watu niliowahubiria somo lile. Union Version iliandika "wanipenda" mara zote tatu, na nilikuwa nimeidharau kwa ajili hiyo.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Mwaka 2020, wakati huo nikiwa nimeshasoma kwa miaka mitano, niliombwa katika usharika mmoja, ambao sitautaja, kufundisha juu ya mabano ya mraba yaliyomo katika Union Version. Wengi wenu mmeyaona. Yapo katika Mathayo 17:21, "Lakini namna hii haitoki ila kwa kusali na kufunga," yapo katika Matendo 8:37, yapo katika 1 Yohana 5:7 na katika mwisho wa Sala ya Bwana, Mathayo 6:13. Safari hii sikuzungumza kwa kiburi. Nilieleza kwamba watafsiri wetu waliweka mabano kwa uaminifu, ili msomaji ajue kwamba maneno hayo hayamo katika hati za kale zaidi. Nilitaja Kodeksi ya Sinai na Kodeksi ya Vatikani, zote za karne ya 4, na nikaeleza kwamba hazina Mathayo 17:21. Nikaeleza kwamba katika Marko 9:29, ambapo King James inasema "kuomba na kufunga," Union Version inasema "isipokuwa kwa kuomba," kwa sababu hati hizo mbili zinaishia hapo, na kwamba jambo hilohilo lipo katika 1 Wakorintho 7:5, ambapo neno la kufunga linakosekana hata katika mafunjo ya kale ya nyaraka za Paulo ya karibu mwaka 200. Wataalamu wengi wanaona kwamba wanakili waliokuwa wakifunga sana waliliongeza neno walilolipenda.

Nilisema waziwazi, zaidi ya mara moja, kwamba kufunga kumeamriwa na kutendwa mahali pengine ambapo hati zote zinakubaliana: "Tena mfungapo," anasema Bwana katika Mathayo 6, na kanisa la Antiokia lilifunga katika Matendo 13. Haikusaidia. Kabla ya Jumapili iliyofuata habari ilikuwa imeenea kwamba mwalimu fulani anafundisha kwamba kufunga kumeondolewa katika Biblia. Jina langu likatolewa katika ratiba ya walimu bila mtu yeyote kuniita na kuniuliza nilisema nini. Kwa miaka mitatu nilikaa katika benchi la nyuma nikiwasikiliza watu wakihubiri dinamiti. Mwaka jana niliombwa kurudi, na somo nililopewa lilikuwa lilelile la mabano. Nilikubali, nikalifundisha, na watu walishukuru. Hata hivyo hakuna aliyesema kwamba walikosea, na sitaficha kwamba nililingoja neno hilo.

Nimejiuliza ni wapi nilipokosea safari ya pili, maana ukweli wa somo ulikuwa kamili. Nadhani kosa langu lilikuwa kuanza na hati. Nilianza na Sinai na Vatikani, majina ya mbali, mbele ya watu ambao mstari ule walikuwa wameuomba wakiwa wamepiga magoti kando ya watoto wagonjwa. Nilipaswa kuanza na Biblia zao wenyewe, kuwaambia waweke kidole juu ya mabano, na kuwauliza wanadhani mabano yale yamewekwa kwa nini. Mwaka jana nilifanya hivyo. Mama mmoja alijibu, "Labda aliyeandika hakuwa na hakika, akaona asituongopee." Somo lilikuwa limeshafundishwa kabla sijafungua kinywa.

Basi, kijana wangu, na wengine mlio na madaftari: anzeni na Kiswahili. Kisomeni mpaka mjue kinasema nini hasa, pamoja na mabano yake na tanbihi zake, na mkiweza wekeni tafsiri ya Kiswahili ya Habari Njema pembeni ya Union Version, kwa maana mahali zinapotofautiana ndipo penye swali. Kisha nendeni kwenye Kigiriki chenyewe. Kiingereza kije mwisho, nacho kiwe zaidi ya kimoja. Mkitaka kusema hati inasema hivi, itazameni hati. Kodeksi ya Sinai, ambayo sehemu yake kubwa imehifadhiwa London, inatazamwa bure katika intaneti tangu mwaka 2009, ukurasa kwa ukurasa, na simu ileile mliyopakulia programu inatosha. Mtaona herufi kubwa tupu, bila nafasi kati ya maneno, katika safu nne. Nendeni Luka 2:14 mtazame neno eudokias. Sigma ya mwisho wa neno hilo ndiyo inayotenganisha "amani kwa watu aliowaridhia" ya Union Version na "nia njema kwa wanadamu" ya King James, na katika hati hiyo msahihishaji wa baadaye alijaribu kuifuta. Mjue pia hati gani ina nini. Kodeksi ya Vatikani, kwa mfano, haina Ufunuo kabisa, na mtu akiwaambia kwamba inaunga mkono neno fulani la Ufunuo, mjue kwamba hajaitazama.

Tena nasema, anzeni na Kiswahili. Wale waliotutafsiria hawakuwa watoto. Walifanya kazi baada ya hati hizi kupatikana na kuchapwa, wakazipima, na mahali walipokuwa na shaka wakaonyesha shaka yao kwa mabano ambayo sisi tumekuwa tukiyaruka. Kama mmepewa karama ya kusoma, ni ya kuwatumikia wale ambao hawatapata nafasi ya kukariri viambishi saa kumi na moja alfajiri. Mtu anayesimama mbele ya wakulima wa viazi na chai akawaambia kwamba kitabu pekee walicho nacho nyumbani kimejaa makosa, na yeye mwenyewe hajakipima, amewaibia. Nimefanya hivyo. Mzee wa Tukuyu nilimfuata nyumbani kwake mwaka 2016 nikamweleza habari za Erasmus na karatasi iliyopotea. Alisikiliza mpaka mwisho, akafungua kile kitambaa, akatafuta Ufunuo 22 na kuniomba nimsomee ile mistari sita kwa Kigiriki, polepole, yeye akifuata kwa kidole katika Kiswahili.

Daftari lako usilitupe. Pigia mstari yale mahali kumi unayoona ni mazito zaidi, na mbele ya kila moja andika Union Version inasemaje, Habari Njema inasemaje, na kama kuna mabano. Safu ya Kiingereza iache wazi kwa sasa. Mwezi ujao nitapita Makambako nikielekea Iringa, nami nitashuka tukae nalo.